Siku moja Nairobi ukiwa peke yako: makumbusho, chakula na tamthilia

Panga siku hii kuanzia jioni kurudi asubuhi. Makumbusho ya Nairobi yako wazi kutwa nzima na chakula kipo kila mtaa, lakini tamthilia ina saa yake, na ukichelewa utaukuta mchezo umeshika kasi nawe hujui nani ni nani. Kwa hiyo kazi ya kwanza, siku tatu nne kabla ya safari, ni kujua kuna mchezo gani, ukumbi upi, na unaanza saa ngapi. Mengine yote yatajipanga kwa kuufuata.

Michezo mingi ya Nairobi huonyeshwa mwisho wa juma: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na mingine huanza Alhamisi. Jumamosi na Jumapili mara nyingi kuna maonyesho mawili, la alasiri na la jioni. Ijumaa ndiyo siku bora kwa mpango ulioelezwa hapa, kwa sababu ofisi za serikali ziko wazi, na mojawapo ya vituo vyetu ni ofisi ya serikali. Jumamosi pia inafaa ukiwahi. Jumapili inawezekana, ila utapunguza kituo kimoja.

Tiketi ya tamthilia

Ukumbi wa kuanzia ni Kenya National Theatre, ulio ndani ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya katika barabara ya Harry Thuku, mkabala na hoteli ya Norfolk na hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi ulikuwa ukumbi wa walowezi. Hata baada ya uhuru mambo hayakubadilika upesi: mwaka 1976 wasanii wa Kenya walilazimika kugombania siku chache tu za kuonyesha tamthilia zao wenyewe katika ukumbi unaoitwa wa taifa. Ukiketi humo leo na kusikia Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani zikitoka jukwaani, kumbuka kwamba haki hiyo ilidaiwa.

Ndani ya eneo hilohilo kuna Ukumbi Mdogo, ambako hufanyika maonyesho ya watu wachache. Soma bango vizuri ujue mchezo wako uko ukumbi upi. Kumbi nyingine zilizo karibu ni Alliance Française, kwenye kona ya Loita na Monrovia, na Goethe-Institut, jirani yake. Zote hizo unaweza kuzifikia kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Kumbi za Lavington na Karen ni nzuri, lakini kwa siku moja zitakula muda wako kwenye foleni ya magari.

Matangazo hupatikana zaidi kwenye kurasa za vikundi vyenyewe kuliko magazetini. Bango litakuwa na namba ya kulipia ya M-Pesa au kiungo cha kununulia tiketi. Tiketi ya kawaida huwa kati ya shilingi 500 na 1,500 za Kenya, na bei ya kununua mapema aghalabu ni nafuu kuliko ya mlangoni. Kabla ya kuweka namba ya siri, angalia jina la mpokeaji linalojitokeza: likiwa halifanani kabisa na la kikundi au la kampuni ya tiketi, acha, piga simu kwanza. Ukishalipa, piga picha ya skrini ya ujumbe wa tiketi. Mlangoni watu mia wanafungua simu kwa wakati mmoja, mtandao unazubaa, na anayechelewa kuonyesha tiketi ndiye anayekosa kiti cha kati.

Jambo moja wageni kutoka Dar, Kigali au Bukavu hulisahau: lugha. Vichekesho vya Nairobi huchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng ndani ya sentensi moja, na nusu ya utani hutegemea habari za siasa za juma lile. Kama huifahamu Sheng, chagua tamthilia nzito yenye kisa kinachojitegemea, au mchezo wa muziki na ngoma. Na ukiona onyesho la asubuhi la vitabu teule, yaani vile vinavyosomwa shuleni, jua kwamba ukumbi utajaa wanafunzi wa sekondari wenye shangwe. Ni raha yake, maana wanaujua mchezo kwa moyo na wanamjibu mwigizaji kabla hajamaliza, lakini si utulivu wa jioni.

Asubuhi: Museum Hill, saa mbili na nusu

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, kila siku. Fika lango linapofunguliwa. Mabasi ya shule huanza kumiminika katikati ya asubuhi, na watoto mia mbili ndani ya chumba cha mafuvu hawakuachii nafasi ya kusoma hata kibao kimoja.

Kwa mara ya kwanza chukua teksi au boda hadi getini. Matatu za Westlands, Kangemi na Kikuyu hupita hapo kwa nauli ndogo, lakini hukushusha kwenye makutano ya Museum Hill, ambapo barabara kadhaa hupishana chini ya barabara ya juu, nawe hujui uvukie wapi. Ukitaka matatu, mwambie makanga mapema kwamba unashuka Museum Hill, kaa karibu na mlango, kisha vuka pamoja na wenyeji. Usikate kati ya nguzo peke yako.

Kiingilio kina viwango tofauti kwa raia wa Kenya, kwa watu wa Afrika Mashariki na kwa wageni wengine, na tofauti yake ni kubwa. Beba kitambulisho halisi au pasipoti. Mwenye picha kwenye simu anaweza kutozwa kama mgeni wa mbali. Malipo hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, si kwa noti mkononi, kwa hiyo uwe na salio la M-Pesa au kadi ya benki. Mgeni husajili laini ya simu ya Kenya kwa pasipoti. Fanya hivyo siku unayofika, si asubuhi hii. Hapo langoni utaulizwa pia kama unataka kuongeza bustani ya nyoka. Kama hujawahi kumwona koboko kwa karibu, ongeza. Itakuchukua dakika 30.

Sasa, ukiingia, usifanye kama wengi wanavyofanya, kufuata mishale tangu chumba cha kwanza. Vyumba vya mwanzo vina wanyama waliokaushwa na ndege mamia kwa mamia, vizuri sana, ila vitakumaliza nguvu kabla hujafika pale penye kitu ambacho hakipo mahali pengine duniani. Nenda kwanza kwenye maonyesho ya chimbuko la binadamu, uulizie chumba cha mafuvu. Humo ndimo alimo Kijana wa Turkana.

Mpe dakika 20 zake. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku hodari kutoka Ukambani, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, rangi yake karibu sawa na ya changarawe zilizokizunguka, kando ya Mto Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana. Wachimbaji walipoendelea walipata karibu mifupa yote ya mtoto mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Tazama urefu wa mifupa ya mapaja: alikuwa mtoto bado, lakini alishafikia kama mita 1.6, na umbo lake la kutembea ni hili letu. Kisha inua macho utazame fuvu, uone paji linavyoinama nyuma na mfupa mnene juu ya macho. Mwili wa leo, kichwa cha kale. Mwanga wa chumba ni hafifu na vioo hurudisha taa, kwa hiyo picha ya simu haitatoka vizuri. Simama pembeni ya kabati, si mbele yake, utaona zaidi.

Ukitoka hapo, panda kwenye maonyesho ya mzunguko wa maisha: vifaa vya jamii za Kenya tangu uzazi, jando na unyago, ndoa, uzee, hadi mazishi. Halafu picha za watu wa jamii mbalimbali zilizochorwa na Joy Adamson. Ziangalie kwa macho mawili: kazi ya mkono ni ya uangalifu mno, kila shanga na kila chale iko mahali pake, lakini aliyechora alikuwa mgeni aliyetaka watu wavae vya zamani. Mtu wa pwani atatafuta kanzu na buibui humo, na hatakosa.

Ndege na wanyama sasa, kwa mwendo wa haraka. Usikose Ahmed, tembo wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais kwa sababu ya pembe zake ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Alikufa mwaka 1974, na mfano wake wa ukubwa kamili umesimama uani.

Muda wa saa mbili na nusu katika makumbusho haya unatosha. Miguu ikianza kuuma na ukajikuta unasoma kibao mara mbili bila kukielewa, umeshashiba, toka. Tumia choo cha hapa kabla ya kuondoka, maana mjini utalipia.

Mchana: chakula cha mtu mmoja

Rudi mjini kabla ya saa sita na nusu. Kuanzia saa saba wafanyakazi wa maofisi hujaza kila hoteli, na aliye peke yake hubanwa kwenye meza ya watu wanne, au husimama na sahani.

Kwenye barabara ya Kimathi kuna Ranalo Foods, ambayo mji mzima unaijua kwa jina la K'Osewe. Ni mahali pa samaki wa ziwani, ngege aliyekaangwa kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, wanaouita wet fry. Agiza hivi: samaki mdogo mmoja, ugali mmoja, na mboga za kienyeji, hasa managu. Managu ina uchungu, na uchungu huo ndio unaokata mafuta ya samaki. Anayeagiza sukuma wiki badala yake hupata chakula kizuri lakini hukosa mlingano huo. Bei ya samaki hufuata ukubwa, kwa hiyo mwambie mhudumu akutajie bei kabla hajampeleka jikoni. Samaki mkubwa ni wa watu wawili. Ukimmaliza peke yako na ugali wa pili, utalala ukumbini.

Nawa mikono kwenye sinki kabla ya kuketi, kula kwa mkono, anza na mgongo ambako miiba ni mikubwa na inaonekana. Nyama ya tumboni ni tamu zaidi ila ina miiba myembamba, iache mpaka mwisho ukiwa umetulia.

Usiyependa samaki, tafuta hoteli za Kiswahili na za Kisomali karibu na msikiti wa Jamia: pilau, biriani, mbuzi wa kuchoma na wali, ndizi moja pembeni ya sahani. Kwa mfuko mwembamba kuna vibanda vya chapati na maharagwe, ambavyo kwa kawaida hukushibisha kwa chini ya shilingi 200. Chagua kibanda chenye foleni ya vibarua wa ujenzi na sufuria zinazofuka moshi.

Nyama choma kwa siku hii hatuishauri, na si kwa sababu haina ladha. Huuzwa kwa kilo. Sehemu nyingi hazipendi kupima chini ya nusu, na nyama mbichi ikiwekwa jikoni huchukua dakika 40 hadi saa nzima. Ni chakula cha kundi na cha siku isiyo na ratiba.

Alasiri: Nyaraka, Kenyatta Avenue na nyumba ya mwanzo wa barabara

Kutoka Kimathi tembea dakika chache hadi Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, barabara ya Moi, jengo la mawe lenye nguzo lililokuwa benki zamani. Watu wengi hupanga kukutana nje yake na hawajawahi kuingia. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache ya mwaka 1966 kisha akajiuzulu, akatumia maisha yaliyobaki kukusanya sanaa ya Afrika: vinyago vya Afrika Magharibi, vitambaa, silaha, vyombo vya muziki. Hufungwa Jumapili, na Jumamosi hufunga mapema. Ndiyo sababu tulisema Ijumaa. Mkoba mkubwa huachwa mlangoni. Saa moja inatosha.

Nje, mbele ya sanamu ya Tom Mboya, weka simu mfukoni. Eneo hili kati ya Moi na Tom Mboya ndilo lenye msongamano mkubwa kuliko yote jijini, na simu hupokonywa kwa wepisi. Kama unahitaji ramani, ingia dukani uisome humo, kisha utoke ukijua unakokwenda. Mkoba uwe kifuani. Hakuna haja ya hofu. Tembea kwa mwendo wa watu wengine.

Sasa shika Kenyatta Avenue kuelekea magharibi. Njiani utaona sanamu tatu za shaba za askari na mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizozinduliwa mwaka 1928. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Soma ya Kiswahili uone lugha yenyewe ilivyoandikwa wakati huo. Dar es Salaam nayo ina Askari wake wa miaka hiyohiyo, lakini huyu mpagazi aliyesimama sawa na wenye bunduki anastahili kutazamwa polepole, kwa kuwa wapagazi wengi zaidi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Mwisho wa Kenyatta Avenue, inapokutana na Uhuru Highway, nyuma yake likiwa jengo la Nyayo House, kuna nyumba ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1913. Hii ni Nairobi Gallery. Ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, watu walikoandikisha vizazi, ndoa na vifo, na ndipo palipohesabiwa kuwa kilomita sifuri ya barabara za Kenya. Ndani kuna sehemu nyingine ya mali za Murumbi, zikiwemo samani na mapambo. Vyumba ni vidogo na wageni ni wachache. Hufunga saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo uwe umeingia saa kumi hivi. Usipige picha za majengo ya serikali ya jirani. Askari wa zamu hawana subira na jambo hilo.

Wapenda mitambo wabadilishe alasiri hii yote na Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni kuu. Kuna injini kubwa za mvuke unazoweza kupanda, na behewa ambamo simba alimuua afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900, alipokuwa akimvizia simba huyohuyo. Ila stesheni iko upande wa kusini na ukumbi uko kaskazini, na kati yake ni jiji zima. Ondoka reli saa kumi na nusu, isizidi.

Kuelekea ukumbini

Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Mwendo wa miguu uishe kabla ya saa kumi na mbili. Kutoka Nairobi Gallery rudi kidogo Kenyatta Avenue, pinda kushoto Muindi Mbingu, upite City Market yenye maua na nyama, kisha bustani ya Jeevanjee, uvuke University Way uingie Harry Thuku. Ni kama dakika 25 kwa mwendo wa kawaida.

Njiani kula kitu chepesi saa kumi na moja: chai ya maziwa na mahamri au sambusa mbili. Mchezo huchukua saa mbili au zaidi pamoja na mapumziko, na ukitoka hoteli nyingi za mchana zimeshafunga. Mayai pasua na kachumbari ya mkokoteni ni tamu, lakini pilipili yake kabla ya kukaa saa mbili kwenye kiti si busara.

Vaa sweta. Jiji liko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa au Tanga aliyetoka na shati jepesi saa nane hutetemeka saa tatu usiku, hasa Juni hadi Agosti. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ongeza mwavuli, na ongeza pia nusu saa kwenye kila safari ya gari, kwa sababu mvua ikinyesha nauli hupanda na barabara hufunga.

Fika dakika 45 kabla. Viti mara nyingi havina namba, anayewahi huchagua. Aliye peke yake ana bahati hapa: kiti kimoja kilichobaki katikati ya safu kati ya makundi mawili ni chake. Chukua safu ya tano hadi ya nane. Safu za mbele kabisa utawaona waigizaji kutoka chini, na kwenye vichekesho ndizo zinazochokozwa. Onyesho likichelewa nusu saa usishangae wala usihame kiti. Zima sauti ya simu na mwanga wake pia.

Kurudi

Agiza gari kwa programu ya simu ukiwa bado ndani ya uwanja wa ukumbi, wakati waigizaji wanapiga saluti ya mwisho au mara tu taa zinapowaka. Ukingoja dakika kumi, ukumbi mzima utakuwa unaagiza na bei itapanda. Subiri ndani ya geti au kwenye lango la Norfolk ng'ambo ya barabara, palipo na walinzi na taa. Usitembee kwenda makutano ya Globe wala kukata njia kupitia chuo. Linganisha namba ya gari na ile ya kwenye simu kabla ya kugusa mlango, umwache dereva akutajie jina lako mwenyewe, na umtumie mtu mmoja nyumbani kiungo cha safari. Ukipanga malazi mapema, chagua Ngara, Parklands, Westlands au katikati ya jiji: kutoka Harry Thuku, saa tatu na nusu usiku, zote hufikika kwa safari fupi, ilhali kurudi vitongoji vya mbali kama Rongai au Kitengela kunaweza kuwa ghali kuliko tiketi ya mchezo.